Gramu Arobaini za Shaba

Siku ya kwanza fundi hakufungua boksi. Aliliangalia, akalisogeza kwa mguu hadi kwenye kivuli cha mwembe, akaomba ndoo ya maji, sabuni ya unga na mswaki wa zamani, akaanza kuosha baiskeli. Mpwa wangu, aliyekuwa amelisubiri boksi lile kwa miezi miwili, alibaki amesimama kama mtu aliyetengewa pilau kisha akaambiwa angoje sahani zioshwe.

"Fundi, si tungeanza na magurudumu?" alijaribu.

"Tumeshaanza, mwanangu," fundi alijibu, akiwa ameinamia upande wa chini wa fremu, akichokoa mchanga kwenye maungio kwa kijiti cha mshikaki.

Alifanya hivyo hadi magharibi. Mimi nilikuwa nimekwenda pale kumsindikiza tu mpwa wangu, nikidhani ni kazi ya saa mbili. Nilirudi jioni baada ya jioni kwa karibu wiki tatu, na mwisho wake nilikuwa nakwenda hata siku ambazo kijana mwenyewe hayupo.

Mapinga hakuna mlima. Ukitoka Dar es Salaam kwa Barabara ya Bagamoyo, ukaipita Bunju na kuvuka Mto Mpiji, umeingia Mkoa wa Pwani, na hapo ndipo kwetu. Mbele yako kuna Kerege, Zinga, Kiromo, kisha Bagamoyo mjini. Nchi ni tambarare, minazi na mikorosho, na viwanja vilivyozungushiwa ukuta kabla nyumba haijajengwa. Mtu wa Arusha au Mbeya angeuliza baiskeli ya milimani inatafuta nini huku. Lakini mlima si kitu pekee kinachoua baiskeli. Kwetu kuna mchanga laini unaoingia penye beringi kama maji, kuna mawe ya matumbawe yenye makali ya wembe, kuna miiba, na juu ya yote kuna chumvi. Upepo wa bahari unaileta usiku ukiwa umelala. Bati la mabanda yetu linajua, kufuli la geti linajua, na fundi huyu, ambaye amekaa kando ya barabara hii akitengeneza baiskeli tangu nywele zake zikiwa nyeusi, anaijua chumvi kama daktari anavyoijua malaria.

Kijana alishikwa na homa ya baiskeli Septemba 2025, mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalipofanyika Kigali, mara ya kwanza katika ardhi ya Afrika. Alitazama yote kwenye simu, Tadej Pogačar akipanda vilima vya Kigali kana kwamba anasukumwa, na mikono ya watu waliojipanga kandokando ya barabara. Baada ya hapo akauza alichokuwa nacho, akanunua Kariakoo baiskeli ya mtumba ya milimani, fremu ya aluminiamu iliyonyooka, vingine vyote vimechoka. Kisha akajiandikisha kwenye mbio za njia za vumbi huko kaskazini. Kisha akaanza kumwandikia binamu yetu aliyeko Muscat, na huko ndiko lilikotoka lile boksi.

Ndani ya boksi, lilipofunguliwa siku ya pili juu ya mkeka, kulikuwa na vitu ambavyo bei yake kwa jumla ingenunua pikipiki ya bodaboda na chenji ikabaki. Rimu mbili za kaboni, nyepesi kiasi kwamba mtoto aliyepita alidhani ni za plastiki. Habu mbili. Spoku zilizokonda katikati na kunenepa ncha zote mbili. Seti ya gia ya Shimano ya daraja la juu kabisa, XTR, yenye sproketi 12 nyuma, ndogo kabisa ikiwa na meno 10 na kubwa 51. Foku yenye shokapu ya upepo. Usukani wa kaboni. Breki za mafuta. Na kimfuko cha vinati vya spoku vya aluminiamu, vyekundu kama shanga, 56 kwa hesabu.

Fundi alivishika kimoja kimoja bila kusema. Ile seti ya sproketi za nyuma aliigeuzageuza kwa muda mrefu. Seti ya bei ya chini ya kampuni hiyohiyo, yenye meno yaleyale, ina uzito wa karibu gramu 600. Hii ina kama 370. Sproketi kubwa kabisa ni za aluminiamu, za kati ni za madini ya titani, ndogo ni za chuma, kila moja imepewa madini kulingana na mateso itakayopata. "Aliyeitengeneza hii," alisema fundi, "amewahi kukaa chini akatazama sproketi iliyolika." Hiyo ndiyo sifa kubwa niliyomsikia akitoa kwa mtu asiyemjua.

Kisha akakichukua kile kimfuko chekundu, akakitenga pembeni.

Lazima niseme kidogo alikotoka fundi huyu, maana bila hapo utadhani nasimulia habari za mtu aliyesomea karakana za Ulaya. Amejifunzia kwenye Phoenix za Kichina, Avon za Kihindi na Swala, zile zilizotengenezwa na NABICO Dar es Salaam enzi za viwanda vya umma. Baiskeli hizo zilikuwa malori. Zilibeba mkaa kutoka bara, nazi kutoka mashambani, samaki kutoka pwani alfajiri kabla jua halijawaharibu. Gurudumu la nyuma la baiskeli ya namna hiyo lilikuwa na spoku 40 na la mbele 32, na mwenye mzigo wa magunia mawili ya mkaa hakuja kwa fundi kutaka wepesi. Alitaka gurudumu lisilovunjika kati ya porini na sokoni. Fundi ameshasuka magurudumu ya namna hiyo hata hesabu imempotea. Kwa hiyo kijana alipomuuliza kwa woga kama amewahi kufunga rimu ya kaboni, alijibu kwamba hajawahi, kisha akaongeza, "Lakini spoku ni spoku. Haijui bei ya kilichofungwa nayo."

Kabla ya kufunga chochote aliitundika baiskeli kwenye mizani ya ndoano, ile ya wauza samaki. Kilo 13 na nusu na kidogo. Akaandika ukutani kwa mkaa. Sikumwelewa wakati ule, maana sikudhani kwamba mtu wa Phoenix anajali uzito. Baadaye niligundua kwamba anaujali sana, ila hauabudu.

Gurudumu la nyuma lilimchukua jioni mbili, na ningetaka kulieleza polepole kama alivyolisuka.

Alikaa kwenye kigoda, habu mapajani. Matundu ni 28, yaani 14 kila upande. Spoku ya kwanza aliipitisha, akaitafutia tundu lake kwenye rimu kwa kuhesabu kutoka tundu la valvu, akahesabu tena, akaniita nihesabu na mimi. Nilidhani ananifanyia heshima. Kumbe spoku ya kwanza ndiyo inayoamua zote: ukikosea tundu moja tu, gurudumu litasukika vizuri kabisa na litazunguka vizuri kabisa, lakini valvu itaangukia chini ya spoku zinazokutana, na kila siku ya maisha ya gurudumu hilo mwenye pampu atakulaani. Baada ya ile ya kwanza aliweka nyingine sita zikiruka nafasi sawa. Akageuza. Saba za upande wa pili. Akaizungusha habu kidogo kwa kiganja, spoku zote zikalala upande mmoja kama majani ya mnazi kwenye kaskazi, kisha zile zilizobaki akazipitisha kinyume, kila moja ikikata tatu, juu ya mbili na chini ya moja. Kazi hiyo inafanana na ukili kuliko chochote cha gereji. Bibi yangu angeielewa upesi kuliko mimi.

Rimu ya chuma, akikuta imepinda, huwa anaiwekea goti na kuivuta, au nyundo na kipande cha mbao. Ya kaboni haikubali goti wala nyundo. Haipindi, ama nzima, ama imepasuka. Kwa hiyo nusu ya ujanja wa miaka yake yote ulikuwa hauna kazi hapa, na kilichobaki ni kile kilicho kigumu zaidi, kuzifanya spoku zote za upande mmoja zivute sawa. Sehemu kubwa ya mafundi huishia gurudumu linaponyooka, lakini linaweza kunyooka huku spoku moja imelegea na jirani yake inalia kwa kubeba kazi ya wawili. Likitoka dukani namna hiyo litakwenda vizuri wiki mbili.

Fundi hana kipimo cha mvuto wa spoku. Ana masikio. Alikuwa anazigonga kwa ukucha moja baada ya nyingine, gurudumu likizunguka taratibu kwenye fremu kuukuu aliyoipindua kuwa stendi, na uso wake ukiwa umegeukia pembeni kama wa mtu anayesikiliza habari kwenye redio ya jirani. Upande wa sproketi unalia juu, upande wa pili unalia chini, kwa sababu habu ya nyuma haikai sawa: sproketi zimekula nafasi, spoku za upande ule zinasimama wima zaidi na lazima zivute kwa nguvu zaidi ili rimu ibaki katikati. Hilo ni sawa. Kisicho sawa ni sauti mbili tofauti kwenye upande mmoja.

Nilimuuliza sikio lile alilipata wapi. Akasema ujana wake alikaa Bagamoyo mjini, akitengeneza baiskeli karibu na Chuo cha Sanaa, kile ambacho sasa ni TaSUBa, na kwamba alipenda kuwatazama wanafunzi wakitengeneza sauti za ilimba, ala ya ndimi za chuma. Hukwe Zawose alikuwa anafundisha pale, yule bingwa wa Kigogo aliyefariki mwaka 2003 baada ya kuupeleka muziki wa Dodoma duniani. Ulimi wa chuma wa ilimba ukiusogeza kiasi cha unywele, sauti inabadilika. "Sikujifunza kupiga," alisema fundi. "Nilijifunza kusikia kwamba bado."

Neno hilo, *bado*, alilisema mara nyingi jioni ile. Robo ya mzunguko wa spana, anagonga, bado. Spoku iliyokonda katikati hujisokota kabla kinati hakijazunguka, kwa hiyo alikuwa anapitiliza kidogo kisha anarudi nyuma, ili isibaki imejisokota ikaja kujifungua yenyewe njiani. Kila alipomaliza duru moja alizishika spoku mbilimbili kwa viganja na kuzibana kwa nguvu, gurudumu zima likatoa milio midogo ya *tik, tik*, spoku zikijikalisha mahali pake. Kisha gurudumu linayumba tena kidogo. Kisha anaanza upya. Mpwa wangu alitoa simu, akafungua programu ya kutengenezea gitaa, akaiweka karibu na spoku. Upande wa sproketi, spoku zote 14 zilisoma karibu noti ileile. Fundi aliitazama simu, akasema "Naam," kwa sauti ya mtu aliyeambiwa kwamba leo ni Jumanne.

Sasa turudi kwenye vinati vyekundu. Kijana alivitaka sana. Kinati kimoja cha aluminiamu kina uzito wa kama theluthi ya gramu. Cha shaba ya manjano, ile ya makufuli na vifundo vya milango ya Zanzibar, kinafika gramu moja. Kwa magurudumu mawili tofauti ni karibu gramu 40. Kijana alikuwa na jedwali la uzito kwenye simu yake, na gramu 40 zilikuwa zimeshapigiwa hesabu.

Fundi alikataa. Hakukasirika wala hakupandisha sauti; alikataa kama mwenye nyumba anavyokataa kumkaribisha nyoka. Kaboni na aluminiamu, alieleza, zikigusana penye maji ya chumvi zinakuwa betri ndogo, na katika betri hiyo aluminiamu ndiyo inayoliwa. Kamwulize mvuvi yeyote mwenye mashine ya boti kile kipande cha zinki kilichofungwa pale chini kina kazi gani. Kimewekwa ili kiliwe, mashine isiliwe. "Wewe unataka vinati vyako ndivyo viwe zinki," alisema. Aliyevitengeneza si mjinga, aliongeza. Amevitengeneza kwa ajili ya mtu anayekaa mbali na bahari na kubadilisha gurudumu kila msimu.

Kijana hakushawishika. Ndipo fundi alipochukua kopo tupu la Blue Band, akamtuma mtoto ufukweni alete maji ya bahari, akatafuta kipande cha kaboni kutoka kwenye nguzo ya siti iliyovunjika zamani, akakifunga pamoja na kinati kimoja chekundu kwa uzi, akavitumbukiza. Kopo likawekwa dirishani. Magurudumu yakafungwa kwa shaba.

Nimesema kwamba nilirudi jioni nyingi. Nyingine zilikuwa za kazi ndogondogo, na nitazipita upesi. Breki za mafuta alizitoa upepo kama gereji wanavyotoa upepo wa breki za gari, ila kwa bomba la sindano na kwa subira zaidi, akigongagonga mpira wa mafuta ili mapovu yapande. Chupa ya mafuta aliiandikia kwa herufi kubwa, kwa sababu breki za Shimano zinatumia mafuta ya madini, na ukizitilia yale ya breki za gari, mipira ya ndani huvimba na mkono wa breki ukawa jiwe. Baiskeli hii ilipotoka kwenye mtumba ilikuwa imeshafanyiwa hivyo na mtu fulani. Ndiyo maana breki mpya zilihitajika.

Lakini kuna ujanja mmoja sitaupita. Gia 12 zinakaa mahali ambapo zamani zilikaa 6 au 7, kwa hiyo nafasi kati ya sproketi na sproketi ni chini ya milimita 4. Kifaa kinachohamisha mnyororo kinaning'inia kwenye sikio dogo la aluminiamu nyuma ya fremu, na sikio hilo likipinda kiasi ambacho jicho halioni, gia zote zinagombana. Kuna chombo maalumu cha kulinyoosha. Fundi hana. Alichukua gurudumu kuukuu lenye ekseli inayochomoza, akaifungia ekseli kwenye tundu la lile sikio, maana uzi wa tundu na uzi wa ekseli nyingi za nyuma ni uleule, milimita 10. Sasa magurudumu mawili yakawa yamesimama sambamba, lile la baiskeli na lile la kuazima, na kama sikio limepinda, magurudumu hayatakuwa sambamba. Akapima kwa kijiti juu, chini, mbele, nyuma. Chini palikuwa na pengo la kidole. Akalishika gurudumu la kuazima kwa mikono miwili, akalivuta kwa upole kama anayefunga dirisha bovu, akapima tena. Sijui aliyeanzisha mbinu hii, na mafundi wa nchi nyingi wanaijua, lakini sijawahi kuona kitu kikubwa kikitumika kwa utulivu namna ile kurekebisha kitu kidogo.

Jioni aliyokuwa anapaka grisi beringi za usukani nilimsimulia kisa cha Repack. Tarehe 21 Oktoba 1976, vijana wa Marin County, California, walishindana kuteremka njia ya vumbi kwa baiskeli kuukuu za miaka ya thelathini na arobaini, nzito, zenye breki moja ya ndani ya habu ya nyuma. Wakifika chini grisi ya habu imeungua na kuwa moshi, na kabla ya kurudia lazima wafungue na kupakia grisi upya. Mbio zikachukua jina la kazi hiyo. Watu kama Joe Breeze, Gary Fisher na Charlie Kelly walianza kuzichomolea baiskeli hizo viungo vibovu na kuzitilia bora, gia za baiskeli za safari, mikono ya breki za pikipiki, usukani mpana, na baiskeli ya milimani ikazaliwa hivyo, kiungo baada ya kiungo, kwenye mikono ya watu wasio na kiwanda. Mwaka 1996 mchezo huo ulikuwa umefika Olimpiki, Atlanta.

Fundi alisikiliza, akafuta vidole kwa tambara. "Kwa hiyo walikuwa mafundi wa mtaani," alisema. Nikasema ndiyo. Akarudi kwenye beringi.

Nilitaka kumwongezea habari za David Kinjah wa Kenya, ambaye kijijini kwake karibu na Kikuyu aliwafundisha watoto kuendesha na kutengeneza baiskeli, na mmoja wa watoto hao, Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, akaja kushinda Tour de France mara nne. Lakini alishanipita, alikuwa anasikiliza beringi. Habari hiyo nilimpa mpwa wangu, na nadhani ilimsaidia zaidi yeye, kwa sababu kuanzia hapo aliacha kusimama akaanza kushika spana.

Mnyororo alimwachia kijana chini ya usimamizi. Kwenye mbio za vumbi, mnyororo wenye mafuta ya maji hukusanya mchanga na kuwa msasa unaozila sproketi za bei ya pikipiki. Kwa hiyo ulioshwa kwa petroli mara tatu mpaka petroli ikatoka safi, ukakaushwa, ukatumbukizwa kwenye nta iliyoyeyushwa ndani ya kikopo kilichokaa kwenye sufuria ya maji ya moto juu ya jiko la mkaa. Kikopo hakikugusa moto. Fundi alisisitiza hilo kwa mkono, maana nta ikipata moto wa moja kwa moja hushika moto yenyewe. Nta ikiganda, mnyororo unakuwa mkavu mkononi na vumbi halina pa kushika. Ubaya wake ni kwamba nta haiukingi mnyororo na kutu kama mafuta yanavyoukinga, hasa huku kwetu. Kwa hiyo alitoa amri: nta ni ya kaskazini na ya siku za mbio, ukirudi Mapinga, mafuta.

Spana pekee aliyoinunua mpya maishani, nadhani, ni ile yenye kipimo cha nguvu. Usukani wa kaboni unakazwa kwa kiasi cha nyutoni-mita 5, na mkono uliozoea Phoenix unaweza kupita hapo bila kujua na kuupasua usukani kwa ndani, mahali jicho halifiki. Alisikiliza mlio wa spana, *kli*, akaacha. Halafu akamwita binti yake, akaazima rangi ya kucha, akachora mstari mwekundu juu ya kila bolti ukivuka hadi kwenye chuma cha jirani. Bolti ikilegea hata kidogo, mstari unakatika. Kijana ataukagua kila asubuhi kwa macho tu, bila spana.

Ugomvi wa mwisho ulikuwa wa tairi. Kijana aliagiza zile nyepesi kabisa, zenye mbavu nyembamba kama gazeti. Fundi aliibana ubavu kwa vidole viwili, akamwonyesha jiwe la tumbawe lililokuwa linazuia mlango. Zikauzwa kwa mtu wa Masaki anayeendesha kwenye lami, zikanunuliwa nyingine nene zaidi. Hazina tyubu, ndani yake mna maji mazito meupe yanayoziba tundu la mwiba kabla hujashuka kwenye siti. Upepo ni pauni 22 tu. Mzee mmoja aliyekuja kujaza baiskeli yake alidhani pampu imeharibika, maana tairi zake hubeba zaidi ya mara mbili ya hapo. Ilibidi apande na kuendesha kwenye mchanga ndipo akacheka.

Baiskeli ilitundikwa tena kwenye mizani ya samaki. Kilo 11 na robo. Fundi akaandika chini ya ile namba ya kwanza, hakusema kitu. Kijana alipiga hesabu kwenye simu na kutangaza kwamba bila shaba na bila zile tairi nene ingekuwa chini ya 11. Hakuna aliyemjibu.

Asubuhi ya majaribio alitoka alfajiri, akashika njia za ndani kuelekea Kerege, akaingia mchangani, akarudi kwa barabara kubwa. Fundi alisimama mlangoni na kikombe cha chai ya rangi. Aliisikia kabla sijaiona. Aliinua kidole. "Inanyamaza," alisema. Kwenye baiskeli iliyofungwa vizuri hakuna mlio ila wa tairi na wa friwili mtu akiacha kupiga pedali. Kila kikikikiki na kila kwichi ni bolti au beringi inayotoa taarifa. Hata hivyo aliipandisha tena kwenye stendi. Spoku za gurudumu jipya hujikalisha katika safari ya kwanza. Aligonga zote, akakaza mbili.

Kijana alimaliza mbio katikati ya kundi, bila pancha, na alirudi akiwa na malalamiko ya miguu tu. Baiskeli ilirudi na vumbi jekundu la kaskazini hadi ndani ya kengele. Fundi aliiosha kwanza, kama kawaida yake, kisha akagonga spoku zote 56, moja baada ya nyingine, na hakugusa spana.

Halafu akalileta kopo la Blue Band kutoka dirishani na kumpa kijana bila maneno. Maji yalikuwa yamepungua. Kile kinati kilikuwa kimeota unga mweupe kuzunguka shingo yake, pale kilipogusa kaboni, na kijana alipokisugua kwa kidole rangi nyekundu ilibanduka, na chini yake palikuwa na vishimo. Alitaka kukitupa. Fundi akamnyang'anya kopo, akaongeza maji, akalirudisha dirishani. Vinati vingine 55 viko kwenye kimfuko chake, vimening'inia kwenye msumari, na kama kuna mtu wa Dodoma au Iringa anayevihitaji, vinauzwa kwa bei nafuu.